Sneki planti ya njano imetoa watoto wa kijani, tumekuuzia feki?

Wiki iliyopita nimeamka na voisi noti ya dakika sita. Mteja wetu wa siku nyingi, mama mmoja wa Mbezi, alinunua kwetu kitaluni sneki planti ile yenye kingo za njano, chungu kikubwa, elfu 25. Mwezi wa pili akachukua jani moja refu akalikata vipande vitano akaenda navyo kwenye kikao chao, wana grupu lao la wapenda maua wanakutana kwa zamu majumbani, huyu analeta tawi la kroton yule analeta mani planti, wanakunywa chai wanagawana. Kitu kizuri sana, nasema mapema msije mkadhani napinga. Sasa mwezi wa saba vile vipande vimetoa watoto na wote ni kijani kitupu, njano hamna hata ya dawa. Wenzake wakamwambia umetuletea feki. Yeye akaja kwangu, mmeniuzia feki, nirudishieni hela yangu.

Huyu ni wa nne mwaka huu kuleta malalamiko ya namna hiyohiyo, na kila mmoja nimemjibu peke yake mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja kwa wote.

Ile sneki planti haikuwa feki. Nimeenda mpaka kwake nikaiona, mmea mama bado una njano yake vilevile kama siku anaununua. Shida iko kwenye jani. Mmea wenye mistari ya namna ile una seli za aina mbili zimekaa kwa tabaka, zenye ukijani na zisizo na ukijani. Ukikata kipande cha jani ukakichomeka kwenye mchanga, mtoto anayetoka hachukui tabaka zote mbili, anaanzia kwenye seli za kijani peke yake, kwa hiyo atakuwa kijani maisha yake yote hata umpe mbolea gani. Ukitaka njano lazima ugawe mmea wenyewe. Unautoa kwenye chungu, unatafuta lile shina la chini ya udongo lililolala kama tangawizi, unakata kipande chenye shina na mtoto juu yake, unakiacha kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke ndio unapanda. Chungu kimoja kilichojaa kinaweza kukupa watoto watatu wanne. Jani moja linakupa vipande vitano, ndio maana watu wanakimbilia jani.

Na hata hiyo ya kijani, wengi wanaikosa kwa sababu wanakichomeka kipande kichwa chini. Kipande cha jani kikishakatwa pande zote mbili huwezi kujua chini ni wapi, na ukikigeuza hakitoi mizizi, kinakaa tu mpaka kinaoza. Sisi upande wa chini tunakata mshazari na wa juu tunakata sawa, basi hakuna kuchanganya.

Mambo haya kwangu hayakuanza jana. Mimi ni mtu wa Muheza. Milima ya kwetu, Usambara, ndiko mwaka 1892 yule Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyekuwa mtawala Tanga alikokutana na kile kiua kidogo cha zambarau chenye majani ya manyoya, akakituma kwa baba yake Ujerumani, leo kinaitwa Saintpaulia na kiko madirishani dunia nzima, wazee wa Ulaya na Marekani wanatumiana jani moja kwenye bahasha na linaota. Lakini hata wao wanajua kwamba zile aina zenye maua ya mistari ukiotesha kwa jani unapata ua la rangi moja, lazima usubiri mmea utoe chipukizi la pembeni. Ni jambo lilelile la sneki planti. Ulaya nako hakuna duka lililowauzia feki.

Sasa nikija kwenye lile linaloniuma zaidi, wadudu.

Mwaka jana dada mmoja wa Tabata alinipigia kwa hasira, kanunua kwetu kroton tatu na ndani ya miezi miwili veranda yake yote imeshika vitu vyeupe kama pamba. Nikapanda bodaboda nikaenda mwenyewe. Veranda ilikuwa na vyungu kama 40, nzuri kweli, mtu ameihangaikia. Nikaanza kupekua kimoja kimoja, kroton zetu zilikuwa na vidung'ata wachache, ndio wadudu wa ile pamba nyeupe, kwenye majani ya chini. Nikauliza, kuna kitu umeletewa? Akasema hamna. Nikaendelea, nikafika kwenye kona nikakuta haibiskasi changa kwenye kopo la rangi, vifundo vyote vimejaa pamba, sisimizi wanapanda na kushuka kama barabara, majani ya chini yana masizi meusi. Hii umenunua wapi? Aah, hii nilipewa tawi na rafiki yangu.

Hilo ndilo. Alipewa tawi, akalichomeka kwenye kopo, akaliweka katikati ya vyungu vingine lipate kivuli. Kidung'ata jike mmoja anataga mayai kwa mamia ndani ya ile pamba yake, na kwa joto letu la Dar mwezi mmoja tu kizazi kipya kiko tayari kutaga. Sisimizi wanawalinda kwa sababu wanakula ule utomvu mtamu wanaoutoa, na utomvu ukidondokea jani la chini ndio unaota ule ukungu mweusi. Dawa ukipiga leo inaua wanaotembea, mayai yanabaki salama ndani ya pamba, kwa hiyo inabidi urudie kila wiki mpaka uone wiki tatu nne zimepita hakuna mpya. Tulikata, tukafuta na pamba yenye spiriti, tukaosha na maji ya sabuni, tukapiga mafuta ya mwarobaini, tukazuia sisimizi. Vyungu 11 tukavitupa na udongo wake. Alitumia zaidi ya laki moja na nusu, kwa tawi alilopewa bure. Rafiki yake naye hakuwa na nia mbaya, hakujua.

Kwa hiyo tawi lolote linaloingia kwako, hata kama limetoka kwa dada yako wa tumbo moja, lisikae na mimea yako mingine wiki 4. Liweke upande mwingine wa nyumba, bafu ya nje, dirisha la jikoni, popote. Likifika tu ligeuze uangalie chini ya majani na kwenye makwapa ya majani, lioshe na maji yenye sabuni kidogo, udongo liliokuja nao utupe wala usiumwage bustanini. Na mkasi ufute na spiriti kila unapohama mmea mmoja kwenda mwingine. Hapa kitaluni vijana wangu wanajua, nikimkuta mtu anakata mmea wa pili bila kufuta mkasi siku hiyo tutazungumza.

Watu wananiambia mbona tawi lenyewe linaonekana zima. Wanaolima muhogo watanielewa. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule ambao mtafiti Storey wa Amani, huko huko kwetu, aliuandika mwaka 1936, unasafiri kwenye pingili. Unampa jirani pingili nono, shamba linastawi, majani unaweza usiyatilie hata mashaka, halafu siku ya kuchimba unakuta muhogo ndani umeoza. Nimeona mama yangu mdogo akilia juu ya shamba la namna hiyo na pingili alipewa kwa upendo kabisa. Na kidung'ata wa muhogo hakuwa wa Afrika, aliingia miaka ya 1970 mwanzoni kutoka Amerika ya Kusini, akala mihogo nchi kwa nchi mpaka wataalamu walipokwenda kumtafuta nyigu anayemmaliza huko Paraguay. Ndio maana mteja akinijia na matawi aliyoyafunga kwenye soksi kutoka safari ya nje siyapokei. Kuingiza mimea nchini kuna kibali, kuna cheti cha afya ya mimea, nendeni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, mkaulize kabla ya safari.

Kuna na hili la miti ya matunda. Mzee mmoja wa Kibaha alinunua mchungwa uliobebeshwa, yaani ulioungwa juu ya shina la mti mwingine, mbuzi wakala juu yote. Baada ya mvua ukachipua vizuri, akafurahi, akautunza, akawagawia na majirani wawili vikonyo wakabebesha kwenye miche yao. Miaka mitatu baadaye ule mti una miba kama sindano na matunda yake ni malimau yenye ganda la manundu. Akaja juu, nimepanda mchungwa nimepata limau, wezi nyie. Mzee wangu, mchungwa wa kubebesha chini yake ni limau kali, ndivyo inavyofanyika Muheza na ndivyo tunavyofanya sisi, kwa sababu mizizi yake inahimili. Muunganiko uko kama shubiri moja kutoka ardhini, ukiangalia utaona kovu. Kinachochipua chini ya kovu ni limau, kikate kikiwa kidogo. Mbuzi walikula mchungwa, kilichobaki ni limau, na ndicho alichowagawia majirani. Nilimpa mche mwingine kwa nusu bei kwa heshima ya umri wake, lakini kosa halikuwa letu.

Haya tuje kwenye bei, maana najua ndiko mnakotaka kufika. Bogenvilia kwetu ni elfu 15 na mteja anasema jirani ananipa tawi bure kwa nini nikulipe wewe. Kweli, bure ipo. Ila mimi nikichomeka matawi 100 ya bogenvilia, msimu mzuri yanashika 60 mpaka 70, msimu mbaya nusu hayafiki, na kila moja limekula kiriba, mchanga wa mto uliooshwa, pumba za mpunga zilizochomwa, nafasi chini ya neti ya kivuli na maji mara mbili kwa siku, maji ya boza kukiwa na mgao. Miezi miwili mpaka lishike, mingine minne sita mpaka liwe mche wa kuuza. Yaliyokufa hakuna anayeyanunua, gharama yake inabebwa na yaliyopona. Mche ukitoka kwangu umekaa peke yake umekaguliwa. Ukiniambia elfu 5 unaniambia niache kukagua.

Na wengi wanaoleta matawi yamekufa ukiangalia walifanya haraka. Mtu kachomeka tawi kwenye samadi tupu akidhani analilisha. Tawi lisilo na mizizi halili, linaoza, mbolea ni baadaye likishashika. Mwingine kila asubuhi analichomoa kuangalia kama limetoa mizizi na bogenvilia vimizizi vyake ni kama uzi, ukichomoa umevikata vyote umeanza upya. Franjipani, kaktasi na zile zenye utomvu mweupe ziache zikauke kidonda wiki nzima kabla ya kupanda, na utomvu wa mnyaa usiuguse kabisa ukajishika macho, naomba sana, hasa wenye watoto. Mani planti iliyozoea maji ya chupa ukiihamishia kwenye udongo italegea wiki ya kwanza, usiogope, iache kivulini udongo uwe na unyevu.

Kwa sababu ya haya yote tumeamua kufungua huduma kwa wanaobadilishana, badala ya kugombana kila mwezi. Mkipeana matawi yaleteni, tunayaoshea, tunayaweka kwenye meza ya karantini nyuma kabisa ya kitalu, tunayaotesha, ni 1,500 kwa kiriba na unalipa likishashika, lisiposhika hudaiwi. Kugawa sneki planti au mmea wowote wa mistari ni elfu 3 kwa chungu, udongo mpya juu yetu. Ukitaka kujifunza mwenyewe njoo Jumamosi asubuhi, nitakuonyesha bure, kisu chako mkononi.

Yule mama wa Mbezi alikuja Jumamosi iliyopita na chungu chake. Tumekigawa, amepata watoto wanne wenye njano safi, wale wenzake anawapelekea mwisho wa mwezi vidonda vikishakauka na nimeona hawana wadudu. Hela hakurudishiwa na hakuiomba tena.

Mkija na matawi msiingie nayo ndani. Nje ya geti kuna meza ya bluu chini ya mwarobaini, yaacheni hapo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, andikeni jina na simu kwenye karatasi, alafu ndio mwite kijana.