Zabibu, kreti na fanksheni zenye jina moja

Dodoma, Septemba

Ndugu yangu Halima,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Mimi ni mzima, ila vumbi la mwezi huu unalijua, halina undugu na mtu mwenye kifua. Mama naye hajambo, anakuulizia.

Barua yako nimeisoma nimekaa kivulini pale Nyerere Square. Unasema kwa hasira kwamba umeandika fanksheni mbili (vipande vya programu unavyoviita kwa jina) zenye jina moja kwenye lugha ya Python, moja ukaiwekea lebo ya stringi, yaani maandishi, na nyingine ya namba, kama tulivyozoea kwenye lugha ya Java tukiwa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, halafu Python ikaishika ya mwisho tu na ya kwanza ikawa kama haijawahi kuandikwa. Nilicheka peke yangu mpaka muuza ubuyu akageuka kuniangalia. Usichukie. Kosa hilohilo limeniaibisha mwezi uliopita mbele ya wakulima.

Nilikuwa nimewaandikia wanaushirika fulani programu ndogo ya kupokea zabibu. Wengine huleta kwa kreti, na tulikubaliana kreti moja ihesabiwe kilo 20. Wengine hupimiwa kwenye mizani. Nikaandika sajili ya kwanza yenye mzigo: int, yaani namba kamili, kwa ajili ya kreti, maana kreti hazina nusu, na sajili ya pili yenye mzigo: float, yaani namba yenye nukta, kwa ajili ya kilo. Nikajiona fundi.

Mzee mmoja wa Hombolo akaleta kreti 18. Simu yake ikapokea ujumbe kwamba ameleta kilo 18. Akarudi, akasalimia "Mbukwenyi", tukaitikia, akakaa, akanywa maji, ndipo akasema: "Mjukuu wangu, mkokoteni wangu umekwenda safari tatu kwa kilo kumi na nane?" Sikuwa na jibu.

Java huzisoma aina mapema, programu ikiwa bado inatafsiriwa, kwa hiyo inajua ni sajili ipi unayoiita. Kwa Python, def ni kama kuandika jina ubaoni: ukiandika tena jina lilelile, la mwanzo umelifuta. Lebo za vigezo, yaani za vitu unavyoipa fanksheni, zipo tangu toleo la 3.0 la mwaka 2008, na 3.5 ya mwaka 2015 ndiyo iliyokuja na moduli ya typing na utaratibu wa kuzitumia lebo hizo kutajia aina. Lakini lugha yenyewe haizitekelezi. Inazipokea kama mtu anayepewa bahasha akaitia mfukoni bila kuifungua. Mpaka atokee mwingine wa kuifungua, umeandika tu.

Kinachoniuma ni kwamba wewe na mimi tunaongea lugha inayofanya jambo hili tangu asubuhi. Piga mswaki, piga pasi, piga simu, piga hodi, piga kura. Kitenzi ni kimoja, na hakuna anayechukua pasi akaigonga ukutani, kwa sababu anasubiri kusikia kinachofuata ndipo ajue afanye nini. Tunachotaka ni Python nayo isubiri.

Najua utakimbilia @overload ya kwenye typing, kwa sababu jina lake linavutia. Hiyo ni kwa ajili ya mkaguzi kama mypy, anayesoma lebo kabla programu haijaendeshwa, na kihariri chako kikupe mapendekezo mazuri. Unaandika vichwa kadhaa vya fanksheni visivyo na kazi ndani, kisha chini yake fanksheni moja halisi inayobeba kila kitu kwa isinstance, yaani kwa kuuliza kila kitu ni cha aina gani. Ukisahau hiyo ya chini, ukiita unakutana na NotImplementedError.

Anayefungua bahasha kweli ni singledispatch, inayochagua fanksheni kwa aina ya kitu ulichoipa, iliyo ndani ya functools tangu 3.4 ya mwaka 2014. Kuanzia 3.7 huna haja hata ya kuitajia aina kwenye mabano. Inaisoma kwenye lebo yako. Nikaihamishia sajili huko siku ileile, nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake mama mmoja akapimiwa kilo 46 kamili. Karani akaandika 46, bila nukta. Ikasomwa int, int ni kreti, na yule mama akaandikiwa kilo 920. Huyo hakurudi kulalamika! Tuligundua jioni wakati wa kufunga hesabu.

Hapo sikuwa na Python ya kulaumu. Nilikuwa nimeipa namba kazi ya kueleza ni kitu gani kilichohesabiwa, na namba haijui. Kwa hiyo nikatengeneza aina mbili zangu mwenyewe, Kreti na Kilo, karani anachagua kwanza kabla ya kuandika namba, na sasa iko hivi:

@singledispatch
def sajili(mzigo):
    raise TypeError("Huu ni mzigo wa aina gani?")

@sajili.register
def _(mzigo: Kreti):
    return mzigo.idadi * 20

@sajili.register
def _(mzigo: Kilo):
    return mzigo.uzito

Usishtuke kuona fanksheni mbili zinaitwa mstari wa chini. Ndiyo, ya pili inaifuta ya kwanza vilevile, lakini wakati huo ya kwanza imeshaandikishwa kwenye daftari la sajili, jina lake halina kazi tena. Na ile ya juu kabisa ndiyo inayopokea kila asiyejulikana. Naipenda kuliko zote, kwa sababu inapiga kelele. Ile programu yangu ya kwanza ilikosea kimya kimya.

Sasa kuhusu fanksheni yako ya bei, yenye mteja na bidhaa: singledispatch inaangalia kigezo cha kwanza tu. Kama kinachobadilisha hesabu ni bidhaa, itangulize. Kama ni vyote viwili, usijisumbue, andika fanksheni mbili zenye majina tofauti; hata Kiswahili hakitumii piga kwa kila kitu. Na ukiiweka ndani ya darasa (class), kigezo cha kwanza kinakuwa self, yaani kitu chenyewe cha darasa hilo, kwa hiyo tumia singledispatchmethod, ambayo imo tangu 3.8.

Nitumie faili lenyewe nilione. Yule mzee wa Hombolo ameshalipwa kreti zake zote 18, na bado kila tukikutana ananiuliza kama kompyuta imejifunza kuhesabu. Amenipa zabibu za kukuletea nikija Tanga mwisho wa mwezi, ila sikuahidi zitafika zote.

Wako,
Yona