Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: na sisi tunaofundisha sheria tunachoka

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Au kwa vile nakuandikia kutoka Tabora, mwangaluka.

Mimi ni mhadhiri wa sheria kwenye chuo kimoja huku kanda ya magharibi, jina la chuo naliacha kwa sababu sijaja kumshtaki mtu na kila nikiongea na wenzangu wa vyuo vingine naona stori ni zilezile. Ombi langu ni moja tu: saa tunazotumia kusahihisha na kusimamia tafiti za wanafunzi zihesabiwe kuwa kazi. Kwa sasa kwenye makaratasi kinachohesabiwa ni vile vipindi vya darasani, ndio maana watu wanatuona tumekaa kivulini.

Ngoja nikupe hesabu. Chukua somo la toti, yaani sheria ya madhara ambayo mtu anamsababishia mwenzake, darasa la wanafunzi 240. Mtihani wa sheria sio wa kuchagua A au B. Unaweka tukio: mama kanunua soda stendi, kakuta mdudu ndani ya chupa, kaumwa tumbo wiki nzima, mshauri. Mwanafunzi anaanza kwa kishindo, Donoghue na Stevenson ya 1932, konokono, chupa, rafiki aliyelipia kinywaji, kurasa tatu nzima anamsimulia konokono utadhani alikuwepo mezani, halafu yule mama wa stendi hamgusi kabisa, hasemi nani alikuwa na wajibu wa kumlinda wala kama kesi ya Waingereza inaifunga mahakama yetu au inaishawishi tu. Huyo unampa ngapi? Na huwezi kuishia katikati, maana wengine jibu lenyewe wanaliweka mistari miwili ya mwisho, kwa kalamu nyingine, msimamizi kishasema muda umeisha. Ukijitahidi sana ni dakika 20 kwa kitabu kimoja. Vitabu 240 ni saa 80. Somo moja hilo, na hakuna mtu kwenye idara yetu anayefundisha somo moja.

Sasa kichekesho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na mwajiri haruhusiwi kumfanyisha kazi mtu aliyeko likizo. Naijua vizuri kwa sababu naifundisha. Nasimama mbele ya darasa naeleza hivyo vifungu kwa sauti kabisa, huku CR, yaani mwakilishi wa darasa, ananiangalia, ambaye usiku wake alinitumia meseji saa sita, Madam samahani kwa usumbufu, na mimi nikamjibu. Likizo nayo ndio muda wa mitihani ya wanaosapu, yaani wanaorudia masomo waliyofeli, na wengine wako fildi kwenye mahakama za Nzega, Urambo na Kaliua, inabidi kuwafuata huko huko. Tunawafundisha watu kudai haki ambayo wenyewe hatuna ubavu wa kuidai, na wanafunzi sio wajinga, wanaona.

Halafu kuna hili la Law School, kule wahitimu wa sheria wanakopita kabla ya kuwa mawakili, nalo niliseme. Mwaka 2022 matokeo yalipotoka kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26, nchi nzima ilishtuka, kamati ikaundwa chini ya Dk. Mwakyembe, na huku mtaani vidole vyote vikageukia vyuo kwamba wahadhiri hatufundishi. Sikatai kwamba kuna mahali tunapwaya. Lakini anayetaka mwanafunzi ajue kuandaa hati ya madai lazima mtu akae naye, asome rasimu yake, airudishe na wino mwekundu, asome tena. Hiyo rasimu ya pili nani anaisoma na saa ngapi? Na mahakama zetu tangu marekebisho ya sheria ya 2021 lugha yake ni Kiswahili wakati darasani tunafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo kila mada naieleza mara mbili, hiyo nayo hakuna fomu inayoihesabu.

Kwa upande wa afya, mheshimiwa, sitaki kukupigia kelele. Presha, vidonda vya tumbo, usingizi kukata saa tisa usiku, hayo ndio maongezi yetu ya chai, tunayasema kwa utani. Mwanafunzi akielemewa ana mshauri nasaha, ana mlezi, anaweza hata kuahirisha mwaka. Mhadhiri akielemewa anaambiwa avumilie. Na sisi wa sheria tuna ugonjwa wa ziada, kila mtu anakuita msomi, umevaa suti ya kiza Oktoba ya Tabora jua linakausha mpaka mate, huwezi ukasimama na kusema nimeshindwa. Ukifika nyumbani Isevya unamkuta mama jirani kakaa kibarazani na bahasha ya mirathi ya marehemu mumewe, kaleta na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Huyo simlaumu hata kidogo, na kwa kweli yeye ndiye ananikumbusha kwa nini nilisoma hii kitu, ila ni saa nyingine mbili na vitabu viko mezani.

Kupanda daraja ndio usiseme. Ili upande lazima uchapishe, na majarida mengine yanataka ulipe kwa dola, na kuandika makala kunataka kichwa kilichopumzika. Wenzetu kadhaa wameona bora wafungue ofisi za uwakili mjini, na sasa hivi madarasa yao tumegawana tuliobaki.

Kwa hiyo ninachoomba, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wakija kukagua, wasiishie kuuliza nani ana PhD na maktaba ina vitabu vingapi. Waombe ratiba ya mhadhiri mmoja mmoja, wajumlishe vitabu vya mitihani, tafiti anazosimamia na fildi, waone inatoka ngapi kwa wiki, na ikizidi zile 45 chuo kiambiwe kiajiri au kipunguze udahili. Na mshauri nasaha wa wafanyakazi awepo, asiwe mtu wa idara ya utumishi tafadhali, maana hakuna atakayekwenda kumwambia anayeshika faili lake kwamba halali usiku.

Najua utaratibu, mtumishi anaandika kupitia kwa mkuu wake wa kazi. Ya kwangu ilipita huko, ina mhuri wa kupokelewa na kila kitu. Nimesubiri semista nzima ndio nikaamua kuandika hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhadhiri wa sheria, Tabora