Dada, kuhusu yule mama wa Kongo

Shikamoo dada, natumaini mama na wote hapo Pasua mnaendelea vizuri, sisi huku Iowa wazima ila baridi ndo imeanza.

Juzi uliniuliza yule mama ninayemkalimania hospitali analia nini wakati Marekani kashafika. Jina lake sikutajii, kazi yetu ni ya siri, ila swali lako limenikaa sana.

Dada, kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Kigoma alikotokea, mtu hana muda wa kuwaza, ni foleni ya mgao, kuni, maji, mtoto ana malaria, na wapo waliokaa pale tangu kambi ifunguliwe 1996. Sasa akifika huku mlango una kufuli, watoto wako shule, hakuna wa kumfukuza, hapo ndo yale ya vita ya Kivu kwao Kongo yanaanza kupanda. Na hakwambii anaumwa akili, anasema ana mawazo mengi, kichwa kinawaka, moyo unaenda mbio, usingizi hamna. Presha wakipima iko sawa. Tarehe 4 Julai watu wanapiga fataki za uhuru wao, yeye akawaingiza watoto wote chini ya kitanda wakalala huko mpaka asubuhi.

Halafu maisha yenyewe hayamwachii apumue. Nauli ya ndege ni mkopo, miezi 6 tu unaanza kuurudisha, kwa hiyo yuko kiwanda cha nyama shifti ya usiku. Barua zikija anayemsomea ni mtoto wa darasa la tano, maana ndo anajua Kiingereza, na hilo linaniuma kuliko yote, mtoto mdogo vile anajua mpaka deni la mama yake!

Anaonana na mshauri, dawa anameza, ila naona kinachomfungua zaidi ni wale akina mama wenzake wa Jumamosi, wanapika sombe, yaani kisamvu, na ugali, anayetaka kuongea anaongea, asiyetaka anatwanga tu.

Mama yetu alisema nimwambie huyo mama asahau. Mwambie amwombee, nashukuru sana, ila hilo siwezi kumwambia, akisikia hivyo atanyamaza moja kwa moja. Baba mdogo anajua, si alikuwa anawaendesha mashahidi Arusha enzi za ile mahakama ya Rwanda pale AICC, jengo la mikutano, miaka imepita tangu mauaji ya kimbari ya 1994 na bado mtu anatetemeka kwenye gari. Akija Moshi muulize alikuwa anawaambia nini, kisha unirekodie voisi.

Ada ya mtoto nimetuma leo, cheki M-Pesa.

Mdogo wako