Vidonge vyangu havimfai shangazi yako

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako wa juzi nimeupata. Jibu lake ni refu kuliko linavyoweza kukaa kwenye simu, ndiyo maana nimechukua kalamu. Umeniomba nigawe vidonge vyangu nusu kwa nusu na shangazi yako huko Morogoro, kwa kuwa mimi saratani imenipa nafuu, basi huenda na yeye ikampa. Huruma yako nimeiona. Lakini sitavituma. Nataka ujue sababu, usije ukadhani baba ana choyo kwa dada yake wa tumbo moja.

Kidonge changu hakijui saratani. Kinajua protini za jamii moja tu, na ile iliyo kwenye ugonjwa wangu haiko kwenye ugonjwa wake.

Unakumbuka nilivyokonda, bandama limevimba, nikila vijiko viwili nimeshiba, na kila mtu mtaani anasema ni malaria sugu. Damu ilipopimwa chembe nyeupe zilikuwa zimezidi mno, na kipimo cha vinasaba kikaonyesha kromosomu ya Philadelphia (kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli). Huo ni mji wa Marekani. Mwaka 1960 watafiti wawili wa huko, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kwamba wenye saratani ya damu ya aina yangu wana kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Kipande kilichopungua kilikwenda wapi, wakati huo hakuna aliyejua.

Aliyejua ni Janet Rowley wa Chicago, na huyu mama acha nikae naye kidogo, nampenda. Alikuwa na watoto wanne, wote wa kiume, na kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache tu kwa wiki ili apate kuwalea. Picha za kromosomu alizipeleka nyumbani, akazikata kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula, wanawe wakimtania kwamba mama anacheza na wanasesere wa karatasi. Kwenye meza hiyo akagundua kuwa kromosomu namba 9 na namba 22 zimebadilishana vipande. Akalichapisha hilo mwaka 1973. Alipofika hapo alikuwa amekaribia miaka hamsini, kwa hiyo wewe unayelalamika kwamba umechelewa kurudi chuo, tutazungumza siku nyingine.

Mabadilishano hayo huunganisha jeni mbili ambazo hazikuwa jirani, na jeni hiyo ya kuunganishwa hutengeneza protini inayoitwa BCR-ABL. Protini ya kawaida ya jamii hii huiambia seli igawanyike, kisha hutulia. Hii haitulii. Ni bodaboda ambayo waya wa mafuta umekwama, dereva anaachia lakini chombo kinazidi kukimbia. Uboho unajaa chembe nyeupe zisizo na mwisho.

Sasa wanasayansi wakawa na kitu kimoja cha kulenga. Nicholas Lydon na wenzake, kwenye kampuni ya dawa huko Basel, Uswisi, walitengeneza kemikali za kuzima protini za namna hii. Daktari Brian Druker, aliyehamia Portland, Oregon, mwaka 1993, alizijaribu kwenye seli za wagonjwa akaona mojawapo inaua seli zenye BCR-ABL na kuziacha nyingi za kawaida zikiwa hai. Protini ile haifanyi kazi bila ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, ile ile niliyokufundisha kidato cha tatu ukasinzia. Kidonge hukaa mahali pa ATP, na protini inabaki haina nguvu. Kampuni ilisita, maana wagonjwa wa aina hii ni wachache na soko ni dogo, lakini Druker hakuacha kuwasukuma. Majaribio kwa binadamu yakaanza Juni 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, ambao dawa ya awali ilikuwa imewashinda, 53 damu yao ilirudi kuwa ya kawaida. Nimefundisha biolojia miaka mingi na sijaona matokeo ya dawa ya saratani yanayokaribia hayo. Mei 2001 Marekani ikaidhinisha imatinibu, hicho kidonge changu.

Utaniuliza, kwani hakitibu saratani nyingine yoyote? Kipo kivimbe cha tumbo na utumbo kinachokisikia, na mgonjwa wa kwanza kupewa kwa ajili hiyo alikuwa Finland mwaka 2000. Lakini ni kwa sababu kivimbe hicho nacho kinaendeshwa na protini ya jamii ile ile, inayoitwa KIT. Dawa ilifuata protini, haikujali kama ni damu au ni tumbo.

Shangazi yako ana saratani ya titi. Jina ni saratani, mama, lakini kinachoiendesha ni kingine. Walipomchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, je, walipima vipokezi, protini za seli zinazopokea ujumbe wa kukua? Hili ndilo nataka ulifuatilie, kuliko vidonge vyangu. Kuna kipokezi cha estrojeni, kuna cha projesteroni, hizo zote mbili ni homoni za kike, na kuna kipokezi kingine kiitwacho HER2. Kama uvimbe wake una vipokezi vya homoni, ipo tamoksifeni, kidonge cha zamani na cha bei nafuu, ambacho kwanza kilitafutwa kizuie mimba kikashindwa, kikaja kuwa msaada mkubwa kwa wanawake wenye saratani ya titi. Kama ni HER2, ipo trastuzumabu, ya dripu, iliyotokana na kazi ya Dennis Slamon wa Los Angeles na kuidhinishwa 1998. Hiyo ni ghali, sitakudanganya, ingawa siku hizi kuna zinazofanana nayo kutoka kampuni nyingine. Na kama vyote vitatu havipo, daktari atategemea zaidi upasuaji, kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) na mionzi. Kwa hiyo asije mtu akamwambia akwepe kisu asubiri "dawa ya kisasa". Hata mwenye tamoksifeni mara nyingi hupasuliwa kwanza.

Upande wangu nao kuna jambo. Nikigawa vidonge nusu, sitakuwa nimemsaidia yeye, na mimi nitakuwa nimejimaliza. London walifuatilia wagonjwa 87 wanaotumia imatinibu kwa muda mrefu, wakawapa chupa zenye kifuniko kinachorekodi kila kinapofunguliwa, wagonjwa wenyewe hawakujua. Matokeo yakatoka 2010. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa ugonjwa kushuka hadi kiwango cha chini sana ulikuwa karibu asilimia 95. Waliomeza chini ya hapo, ulikuwa kama 28. Waliopunguza hawakuwa watu wajinga. Wengine walichoshwa na maudhi ya dawa, na hayo nayajua: uso kuvimba asubuhi, misuli ya miguu kukaza usiku mpaka mama yako anaamka kunikanda. Tena protini yenyewe inaweza kubadilika umbo, dawa ikakosa pa kukaa. Ndiyo sababu zilitengenezwa nyingine baadaye, dasatinibu, nilotinibu, ponatinibu. Sina haraka ya kuzijua.

Kuhusu bei, usiwe na wasiwasi, sinunui. Tangu mwaka 2002 upo mpango wa msaada unaowafikishia dawa hii bure wagonjwa wa nchi nyingi zisizo na uwezo, na baada ya Mahakama ya Juu ya India kukataa hataza ya kampuni, yaani haki ya kuwa mtengenezaji pekee, mwaka 2013, vidonge vya bei ndogo vya huko viliendelea kutengenezwa. Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Lakini vidonge hivyo huhesabiwa kwa jina la mgonjwa, na kliniki hupima damu yangu kuona kama navimeza. Wakiniuliza vimekwenda wapi, nitasema nini?

Sasa fanya hivi. Mwombe shangazi yako karatasi ya majibu ya kinyama, ipige picha kurasa zote, unitumie. Kama vipokezi havikuandikwa, muulize daktari wake kwa adabu kama kile kinyama bado kimehifadhiwa maabara, maana kinaweza kupimwa bila kumkata tena. Muulize pia shangazi kama bado anapata siku zake, daktari atataka kulijua hilo kabla ya kuchagua dawa ya homoni. Ile mizizi aliyoletewa na jirani, mwambie asiifiche, aitaje kliniki.

Nauli ya kwenda Dar nimeiweka kwenye simu ya mumeo, kwa kuwa yako inakataa. Mama yako anauliza kama kikapu cha machungwa kilifika.

Baba yako,
Muheza