Karabai yako bado inawaka

Dunga, Kisumu
9 Agosti 2025

Kwako Okoth,

Natumaini wewe, mama watoto na vijana wote hamjambo huko Nakuru, na kwamba baridi ya Julai haikuwasumbua. Sisi huku tu wazima. Leo mwezi ni mpevu, ziwa linang'aa kama mchana, na unajua omena, hawa dagaa wetu, hawafuati taa usiku wa namna hii. Boti zimelala, nami nimepata nafasi ya kukuandikia jambo nililotaka kukwambia tangu msimu ufunguliwe tarehe mosi.

Omera, ndugu yangu, ile karabai, taa yetu ya pampu, uliyoniachia bado inawaka.

Unakumbuka tulivyoinunua soko la Kibuye mwaka 2003, imeshatumika, mkono wake umefungwa waya? Mzee aliyetuuzia alisema itatufaa misimu miwili, ikizidi sana mitatu. Na wewe ulipohamia Nakuru mwaka 2006 uliniambia akipita mnunuzi wa vyuma vikuukuu nimpe tu. Sikumpa. Huu ni mwaka wa 22. Usiku wa kwanza wa msimu, mwezi ulipozama karibu saa sita, niliiweka juu ya chelezo chake, ikawaka mpaka alfajiri. Wadudu wakaizunguka, omena wakaja chini yake, tukavuta wavu mara nne.

Sitakudanganya kwamba sijabadilisha kitu. Kile kisoksi kinachowaka hakihesabiki, wimbi moja kali likiitikisa taa kinageuka majivu. Vioo vimevunjika vingi. Sindano ya kuzibulia nimenunua mara mbili. Lakini tangi ni lile lile, na kichwa ni kile kile, na kwangu hiyo ndiyo karabai. Tangi lake ni la shaba. Zile za bati tulizonunua baadaye zilioza zote, tena kuanzia chini, kwa sababu maji yakiingia kwenye mafuta ya taa huzama na kukaa kitakoni miezi na miezi. Halafu tumebahatika kuvua kwenye maji yasiyo na chumvi. Binamu yangu aliye Mombasa ananiambia chumvi ya kule hula chuma hata kikiwa kimeanikwa nje tu.

Lakini kilichoua karabai nyingi hapa Dunga si kutu. Ni ile washa ya ngozi iliyo kwenye pampu, yenye umbo la kikombe. Nataka nikueleze vizuri, maana ilinichukua miaka kuelewa. Tukifungiwa uvuvi wa omena kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai, taa zinakaa stoo miezi minne. Ngozi inakauka, inasinyaa, inaacha kugusa kuta za pampu. Agosti mtu anaitoa taa, anasukuma pampu na haisikii mkononi, upepo unapita pembeni wala hauingii tangini. Bila presha mafuta hayapandi, taa inatoa moshi na ndimi nyekundu. Basi anasema imekufa. Nimeona karabai nzima zikiuzwa kwa kilo kwa ajili ya kipande cha ngozi kisichozidi sarafu ya shilingi 20! Iliniuma kila mara.

Mimi wiki ya mwisho ya Julai naitoa washa, nailoweka kwenye mafuta usiku kucha, asubuhi naitanua kwa vidole taratibu mpaka midomo yake ifunguke tena. Hiyo tu. Na msimu ukifungwa nafungua ile skrubu ya upepo, namwaga mafuta yote, napaka grisi kwenye kila kinachozunguka.

Grisi hiyo ndiyo iliyoiokoa mwaka 2020, ziwa lilipopanda likaingia mpaka stoo. Ilikaa chini ya maji na matope siku kumi na moja. Nilipoipata nilidhani ndiyo basi. Nikaisuuza, nikaianika, nikaijaza mafuta mapya, nikaipasha kwa spiriti, na ikanguruma. Nilikumbuka habari ya Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Iliopolewa mwaka 1924, na 1927 ikawa inabeba abiria tena. Nilikaa pale kwenye matope na karabai yako magotini, Okoth, na nilifurahi kama mtoto.

Sasa sababu ya barua. Mafuta ya taa yamekuwa mzigo tangu serikali iongeze ile shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Taa tatu za boti yangu sasa ni za betri, tunazichaji kwa sola mchana. Ni nzuri, nakiri. Hazizimwi na upepo, hazimchomi mtu vidole, na vijana wangu hawakohoi tena. Karabai imebaki moja tu, yako, na bado naiamini kuliko zile nyingine. Mwezi wa Machi betri mbili ziliingia maji usiku mmoja na ndiyo iliyoturudisha nyumbani.

Ila ni mali yako. Uliponiachia ulidhani unaacha chuma kikuukuu, na haikuwa hivyo. Nilisikia kijana wako mkubwa anapenda kufungua na kufunga vitu. Ukiitaka kwa ajili yake, nitaituma kwa matatu ya asubuhi. Nitamwaga mafuta, kioo nitakifunga peke yake kwenye magazeti, na washa mbili za akiba nitaziweka ndani ya kikopo cha mafuta. Mwambie asisukume pampu kupita alama nyekundu.

Nijibu wiki hii, mwezi ukiwa bado mkubwa. Giza likirudi nitaihitaji majini.

Wako,
Odhiambo