Kingpini ikiliwa ibadilishwe, isijazwe welding

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na matajiri wa malori na madereva wao kuhusu kingpini, ile pini nene ya chuma iliyo chini ya pua ya tela, inayolifunga tela kwenye kichwa cha lori. Mimi ni fundi wa matela hapa Makambako, kazi hii naifanya mwaka wa 22 sasa.

Wiki iliyopita aliingia gereji dereva anayetoka Tunduma na semi iliyojaa mzigo. "Fundi, kila nikikanyaga breki nasikia linagonga mgongoni." Tukashusha miguu ya tela, tukachomoa mipira ya upepo na waya wa taa, akavuta kufuli ya sahani (bati zito lililo mgongoni mwa kichwa cha lori, ambalo taya zake hukaba kingpini), akasogeza kichwa mbele. Nikaingia chini na tochi, nikafuta grisi kwa tambara. Shingo ya kingpini, pale pale taya za sahani zinapokaba, ilikuwa imejazwa welding kisha ikasagwa kwa grenda ikang'aa. Kando ya ile welding kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha wa kidole gumba.

Nikampigia tajiri. "Jaza tena, fundi, mzigo unasubiriwa Dar." Nikamwambia mimi hilo silifanyi. Dereva akaomba simu, akasema kwa adabu kabisa: "Bosi, na hii mimi mlima Kitonga sishuki." Kesho yake mchana kingpini mpya ikafika kutoka Mbeya. Namshukuru tajiri yule kwa kusikia, na dereva namheshimu zaidi.

Ndugu zangu, kingpini ni chuma kilichopikwa kiwandani kwa ugumu maalumu. Ukikichoma welding shingoni, moto unaharibu ule ugumu: pengine panalainika, pengine panakuwa kama kigae. Kwa macho utaona kimenenepa, kumbe ndani kimeanza kupasuka. Na sheria yetu inaruhusu lori la ekseli 7 kufikia tani 56. Sehemu kubwa ya uzito huo inavutwa na kuzuiwa na shingo ya inchi 2 tu.

Tatizo ni kwamba kingpini haionekani tela likiwa limefungwa. Askari barabarani ataona tairi, ataona taa, atadai pembetatu, lakini hiyo hawezi kuiona. Wa kuiona ni sisi, siku tela linapobaki peke yake yadi limesimama kwa miguu. Siku hiyo futeni grisi mpime. Shingo ikiwa mpya ni karibu milimita 51. Ikifika 49 imekwisha, hata kama bado inavuta.

Kufunga nako kuna haraka inayoniumiza moyo. Mwaka 2009, yadi niliyokuwa nafanya kazi, kijana alirudisha kichwa chini ya tela lililokuwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Taya zikagonga kwa sauti, akaridhika, akakunja miguu ya tela. Kumbe taya zilifunga hewa, kingpini imekaa juu ya taya hizo. Alipoondoa kichwa, tela likapiga pua chini, na utingo aliyekuwa anafunga mipira ya upepo alivunjika mguu. Sauti ya taya si ushahidi. Shuka, ingia chini na tochi, hakikisha bati la tela limelala juu ya sahani bila mwanga kupita kati yake, na taya zimekaba shingo yenyewe. Halafu funga breki za tela, vuta mbele taratibu kwa gia ndogo, uone kama linashika. Miguu ikunjwe baada ya hapo. Ni dakika 5.

Kwa kupimia, mimi nimekata kipande cha bati la milimita 3 chenye mdomo wa milimita 49 kamili. Ukikisukuma kikaingia shingoni, kingpini hiyo ing'olewe. Kinakaa kwenye mfuko wa ovaroli. Dereva yeyote anayepita Makambako akihitaji, aje nimkatie cha kwake, simtozi kitu.

Fundi wa matela,
Makambako, Njombe