Alama moja haitoshi kuupa uvimbe wa ubongo jina

Ndugu Mhariri,

Ripoti ya kinyama cha ubongo (kipande kilichokatwa kwa uchunguzi) ikisema "glioma, daraja la 2" (uvimbe wa seli saidizi za ubongo, ukali wa pili kati ya madaraja manne) na kuishia hapo, daktari wa saratani bado hajaambiwa anatibu nini. Tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016, na zaidi ule wa 2021, sura ya seli na vinasaba vyake husomwa pamoja.

Chukua badiliko la promota ya TERT, yaani sehemu ya DNA inayoiwasha jeni ya TERT. Linapatikana kwenye glioblastoma, glioma ambayo ni kali kuliko zote kwa mtu mzima, na pia karibu kila oligodendroglioma, glioma nyingine ambayo mgonjwa wake huishi miaka mingi. Ukilisoma peke yake, umepotea. Ndiyo maana tunaanza na IDH, yaani jeni za IDH1 na IDH2. Ikiwa imebadilika, tunatazama kromosomu: mkono mfupi wa 1 na mrefu wa 19 ikikosekana yote miwili, ni oligodendroglioma; ikiwepo na protini ya ATRX imetoweka, ni astrositoma, aina ya tatu ya glioma. Ikiwa IDH ni nzima, basi badiliko la TERT, nakala nyingi za jeni ya EGFR, au kromosomu 7 kuongezeka na 10 kupungua, lolote kati ya hayo linaifanya astrositoma iliyosambaa kuwa glioblastoma daraja la 4, hata kama kwenye darubini ilionekana pole.

Mtego upo kwenye rangi ya IDH1 R132H, inayopakwa kwenye kinyama kuonyesha badiliko la IDH lililo la kawaida zaidi. Ni rahisi na ya haraka, lakini haioni mabadiliko mengine ya IDH, takriban moja kati ya kumi. Mgonjwa akiwa chini ya miaka 55, jibu la "hakuna" lithibitishwe kwa kusoma mfuatano wa IDH1 na IDH2.

Wanaopima methilesheni (alama za kikemikali juu ya DNA, ambazo kompyuta huzilinganisha na za uvimbe unaojulikana) wajue kwamba seli za uvimbe zikiwa chache, chini ya asilimia 70 hivi, kompyuta inasoma ubongo usio na ugonjwa badala ya uvimbe. Alama ya uhakika inayotolewa na kompyuta, kati ya 0 na 1, ikiwa chini ya 0.9, tusiilazimishe itoe jina. Na DNA ikikatwa katikati ya uvimbe, RNA pembeni, hizo si data za kuunganishwa.

Mengi huharibika kabla ya maabara. Formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama, iwe ya asilimia 10 yenye bafa (kizuia asidi), mara kumi ya ujazo wa kinyama, saa 6 hadi 72. Isiyo na bafa hugeuka asidi ya fomiki na kuikatakata DNA. Hapo hata mashine ya bei gani haisaidii. Tunaomba fomu ya maombi iwe na nafasi ya kuandika saa kinyama kilipotumbukizwa.

Madaktari wa patholojia,
Dar es Salaam